Kiasi na Betri

Trela la kupigia kambi likiegeshwa mbali na nguzo za umeme huishi kwa akiba. Umeme wake wote umo ndani ya betri, na betri haitoi ila ilichopokea, tena pungufu kidogo. Anayelala humo kwa mara ya kwanza huulizwa jambo ambalo nyumba ya mjini haimuulizi: umeme wa siku moja ni kiasi gani, na yeye unamtosha upi? Kiswahili kimefunga mambo mawili katika neno hilo. Kiasi ni kipimo cha kitu. Kiasi pia ni tabia ya kutopindukia, ile ambayo Biblia ya Kiswahili huihesabu miongoni mwa matunda ya Roho. Swali la kifalsafa ni kama kiasi cha kwanza kinaweza kuzaa cha pili, au kama mtu anaweza kuhesabu ampea maisha yake yote akabaki mlafi vile vile.

Mahali pazuri pa kulitazama swali hili ni jangwa la Sonora, karibu na mji mdogo wa Quartzsite katika jimbo la Arizona, Marekani. Kusini mwa mji huo kuna La Posa, ardhi ya serikali kuu ambako kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili watu huruhusiwa kukaa na matrela yao kwa miezi, wakilipia kibali. Wengi ni wastaafu wanaoikimbia theluji ya majimbo ya kaskazini na ya Kanada. Kuna vyoo, maji ya kuchota na mahali pa kumwaga majitaka. Soketi ya kuchomeka waya haipo.

Hesabu yenyewe si ngumu, ila huchelewa kueleweka kwa sababu mtu wa mjini amezoea kufikiri kwa swichi na hana mazoea ya kufikiri kwa saa. Wati hueleza kasi ya kutumia. Zikizidishwa kwa saa ndipo hupatikana matumizi. Ichukuliwe mfano wa trela lenye betri mbili za volti 6, zile za magari ya gofu, zilizounganishwa kufuatana ili zitoe volti 12. Uwezo wake ni ampea-saa 220 hivi. Kwa kuwa ni betri za risasi na asidi, ambazo umri wake hufupika zikizoeshwa kushushwa chini ya nusu, mwangalifu huhesabu 110 tu. Hizo ni wati-saa 1,300 na kitu. Msomaji wa Dar es Salaam anayenunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, atalielewa hilo haraka: ni yuniti moja na theluthi hivi, kwa nyumba nzima, mpaka jua lirudi.

Walaji wa akiba hiyo hawalingani. Taa ya LED hula wati mbili au tatu, mahali ambapo balbu ya zamani ya trela ilikula 18. Maikrowevu ikipitia kwenye inveta huvuta zaidi ya ampea 100, kiasi cha kumtia mgeni hofu, lakini dakika tano zake humaliza ampea-saa kumi hivi basi. Kwa upande mwingine kuna kifaa cha kunusa gesi inayovuja, redio iliyozimwa ambayo saa yake bado inang'aa, na kidude cha kuongoza friji ya gesi. Hivi vyote pamoja vikinyonya ampea nusu tu, kwa saa 24 ni ampea-saa 12, zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya akiba, na hakuna aliyegusa kitu. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa betri, haba na haba hukikausha pia. Kelele na ukubwa wa chombo havielezi ulaji wake, na kosa la kwanza la karibu kila mgeni ni kuogopa kisichostahili na kupuuza kinachodumu.

Kosa la pili hutokea usiku. Hita ya trela huchoma gesi, lakini hewa ya moto husukumwa na feni ya umeme inayovuta ampea saba au nane. Jangwa la Arizona mwezi Januari lina mchana wa kuvaa shati na usiku wa kuvuta blanketi. Mgeni huweka joto kama alivyozoea nyumbani, akalala. Feni ikizunguka nusu ya saa kumi za usiku, ampea-saa 40 zimekwenda. Ziongezwe taa za jioni, pampu ya maji na televisheni, na betri ambayo haikuwa imejaa tangu mwanzo huwa taabani alfajiri. Volti zikishuka hadi 11 na kitu, feni huzunguka kivivu, swichi ndogo ya usalama inayopima upepo wake hukataa kuruhusu gesi iwake, na trela hupoa huku mtungi umejaa. Gesi ipo, moto haupo. Tukio hili lina thamani kuliko jedwali la matumizi, kwa kuwa linafichua kwamba vitu vilivyodhaniwa kuwa mbalimbali vimeshikana: blanketi ni umeme, na dirisha lisilofungwa vizuri ni umeme vile vile.

Paneli nayo ina yake. Katika latitudo ya Quartzsite, mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 33 kutoka upeo wa macho. Paneli iliyolazwa bapa juu ya paa hupokea saa hiyo nusu na ushei tu ya miale ambayo ingepokea ikilielekea jua, na ndiyo maana wazoefu huinua paneli zao kuelekea kusini kama mtu anavyotega beseni chini ya mchirizi. Kivuli cha mlingoti mdogo kikikatiza seli chache kinaweza kupunguza mavuno ya paneli nzima. Anayejifunza huanza kujua jua lilipo bila kuinua kichwa.

Hata kusoma akiba ni ujuzi. Volti za betri ya risasi husema kweli betri ikiwa imepumzika tu: 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu hivi. Ikiwa inatumika au inachajiwa, namba hiyo huyumba. Betri ya lithiamu ni bubu zaidi, kwa kuwa volti zake hukaa karibu na 13.2 kwa sehemu kubwa ya safari yake kisha huanguka ghafla. Hivyo wengi hufunga kipimo cha shanti, ambacho huhesabu kila ampea inayoingia na inayotoka na kuonyesha asilimia iliyobaki, kama karani wa ghala.

Hapa ndipo falsafa inapopata pa kushika. Katika kitabu chake cha 1984 kuhusu teknolojia na maisha ya kisasa, Albert Borgmann, mwanafalsafa aliyefundisha Montana, alilinganisha mekoni na mfumo wa kupasha joto nyumba nzima. Jiko la kuni lilidai kazi: mmoja akate, mwingine awashe, wote wakusanyike. Mtambo wa kisasa hutoa joto tu na kuficha kila kilicholileta. Umeme wa gridi ni mfano kamili wa alichokieleza: bidhaa iko mkononi, mashine iko nyuma ya ukuta na nyuma ya milima. Trela hurudisha mashine sebuleni. Aliyelala juu ya betri zake, akaziongezea maji ya betri mwenyewe na kufuta vumbi kwenye paneli zake, hawezi kusema umeme hutoka ukutani.

Martin Heidegger angekuwa mgumu zaidi kuridhika. Katika hotuba yake juu ya teknolojia, iliyochapishwa 1954, alitofautisha kinu cha upepo cha kale na bwawa la umeme la mto Rhine. Kinu huuachia upepo uvume na hakiulazimishi kutoa nishati ya kuwekwa. Bwawa huugeuza mto kuwa akiba inayosubiri amri. Kwa kipimo hicho trela lenye betri liko upande wa bwawa: kazi yake ni kuligeuza jua kuwa stoo. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inapuuza ukubwa. Stoo kubwa mno humfanya mtu asahau kuwa ni stoo, ilhali stoo ndogo humwonyesha sakafu yake kila jioni. Tofauti kati ya gridi na trela si kwamba moja huhifadhi na jingine halihifadhi. Ni kwamba mwisho wa moja hauonekani na mwisho wa jingine unaonekana.

Je, anayeuona mwisho amekuwa mwenye kiasi? Aristotle angejibu polepole. Kwake mwenye kiasi ni yule ambaye tamaa zake zenyewe zimetulia. Hutaka kinachofaa, wakati unaofaa, wala haoni uchungu kukosa kisichofaa. Yuko mwingine, mwenye kujizuia, ambaye bado anatamani lakini hushinda. Mkaaji wa trela asiyewasha kiyoyozi kwa sababu betri ingelala ndani ya saa moja hajawa hata huyo wa pili. Amezuiwa tu, kama mfungwa asiyekula nyama kwa kuwa gerezani hakuna nyama. Hata hivyo Aristotle huyo huyo ndiye aliyesisitiza kwamba fadhila hujengwa kwa mazoea, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga, na kwamba tendo huwa la fadhila likitimiza masharti matatu: mtendaji ajue anachofanya, akichague kwa ajili yake chenyewe, na afanye hivyo kutoka tabia iliyokwisha kukaa. Trela halitoi la pili wala la tatu. Lakini la kwanza, la kujua, hulitoa kwa wingi, na hilo ndilo ambalo mtumiaji wa gridi hulikosa kabisa. Huwezi kuwa na kiasi katika jambo ambalo hulioni. Anayeacha taa ya nje ikiwaka usiku kucha mjini huenda si mlafi. Hajafika hata mahali pa kuwa mlafi au mwenye kiasi, kwa kuwa mbele ya macho yake hakuna kilichopungua.

Simulizi la kale lililo karibu zaidi na maisha haya ni la mana, katika sura ya 16 ya kitabu cha Kutoka. Wana wa Israeli walikuwa jangwani, kambini, nje ya gridi ya Misri kama ingefaa kusema hivyo. Chakula kilishuka kila asubuhi, na agizo lilikuwa kila mtu akusanye kadiri ya mahitaji yake, pishi moja kwa kichwa. Walipopima, aliyekusanya kingi hakuzidisha na aliyekusanya kidogo hakupungukiwa. Waliojaribu kuweka cha kesho walikuta kimeingia mabuu na kinanuka. Isipokuwa siku ya sita: hapo waliamriwa kukusanya maradufu kwa ajili ya Sabato, na cha siku hiyo hakikuoza.

Methali husema akiba haiozi. Simulizi hili linajibu kwamba inategemea ni akiba ya nini na ya muda gani, na betri inakubaliana nalo kwa namna ya ajabu. Betri ya risasi iliyoachwa nusu kwa majuma huota chumvi za salfati kwenye sahani zake na uwezo wake hufa taratibu. Na siku ya jua kali, betri ikijaa kabla ya alasiri, kidhibiti chaji hufunga mlango. Paneli bado zimeelekea juani lakini kinachozidi hakina pa kuwekwa. Ndiyo pishi iliyojaa. Aliyekwisha kuelewa hutumia saa hizo kuchaji simu na kompyuta, kusaga kahawa, kupika kwa umeme badala ya gesi. Kubana umeme saa nane mchana, betri imejaa na jua liko juu, hakumsaidii yeyote. Basi kiasi na ubahili ni vitu viwili. Bahili hutumia kidogo saa zote. Mwenye kiasi hujua saa. Siku mbili za mawingu zikitabiriwa, yeye huingia usiku na betri iliyojaa kabisa, kama waliokusanya siku ya sita.

Lakini mapokeo mengine yanaliuliza somo la betri swali gumu. Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah yaeleza kwamba Mtume Muhammad alimpitia sahaba wake Saad akitawadha kwa maji mengi, akamkemea kwa israfu. Saad aliuliza kama katika udhu pia kuna israfu, akajibiwa kuwa ipo, hata kama mtu yuko kwenye mto unaotiririka. Baadhi ya wanazuoni wametia kasoro katika isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, ila mafakihi wamekubaliana kwamba israfu katika udhu inachukiza. Uzito wa mfano huo uko kwenye mto. Mto haupungui kwa mtu mmoja kutawadha. Hakuna kipimo kitakachoshuka, hakuna feni itakayozunguka kivivu alfajiri. Kiasi kinachodaiwa hapo hakitegemei uhaba hata kidogo, na kwa kigezo hicho mkaaji wa La Posa bado hajafanya mtihani. Mtihani wake uko siku atakaporudi penye mto.

Imam Ghazali alipoandika juu ya ufukara na zuhudi alilitenga jambo hili waziwazi: asiyekuwa nacho na aliyekiacha akiwa anakiweza hawawi sawa, hata kama sahani zao zinafanana. Utengano huo unahitajika sana katika suala la umeme. Mstaafu aliyeko jangwani kwa hiari anaweza asubuhi yoyote kukokota trela lake hadi kambi ya kulipia yenye soketi. Familia ya kijijini Afrika Mashariki inayofunga betri nyuma ya baiskeli kuipeleka senta ikachajiwe kwa malipo hufanya hesabu ile ile ya wati na saa, pengine kwa ustadi zaidi, lakini haikuichagua. Kuwasifu hao kwa kiasi chao ni kuwakebehi. Na mnunuzi wa LUKU au wa tokeni yuko katikati: yeye huuona umeme ukipungua kwenye kidude cha ukutani, ila kinachopungua machoni pake ni fedha. Mwenye fedha hununua tena na mto huendelea kutiririka.

Jambo linalochanganya zaidi ni mahitaji yenyewe. Epicurus aligawa tamaa katika zile za asili na za lazima, za asili zisizo za lazima, na zisizo za asili wala za lazima, akidai kwamba za kwanza ni rahisi kutosheleza. Betri huonekana kumuunga mkono, mpaka afike mzee anayelala na mashine ya kumsaidia kupumua. Kambi za wastaafu zina wengi wa namna hiyo. Mashine hiyo ni ya lazima bila ubishi, lakini ndani yake mna chombo cha kupasha maji ili hewa iwe na unyevu, na bomba lenye joto, ambavyo mara nyingi hula kuliko pampu yenyewe. Akivizima, betri hufika asubuhi bila shida. Asipovizima, koo halikauki. Mstari kati ya lazima na raha umepita katikati ya mashine moja, na hakuna falsafa iliyouchora mapema. Huchorwa usiku na mtu mwenye koo lake.

Tena mstari huo husogea. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons alionyesha kwamba injini za mvuke zilizotumia makaa kwa ufanisi zaidi hazikupunguza makaa yaliyochomwa nchini. Ziliyaongeza, kwa kuwa zilifanya matumizi mapya yawe na faida. Kambi za jangwani zimeurudia mkasa huo kwa udogo. LED zilikata ulaji wa taa kwa kiasi kikubwa, lithiamu ikaruhusu karibu akiba yote itumike badala ya nusu, paneli zikawa rahisi. Nafasi iliyopatikana haikubaki tupu. Dishi la intaneti ya setilaiti la wati 50, likiachwa likiwaka saa 24, humeza wati-saa 1,200, karibu akiba yote ya zile betri mbili za gofu, nalo leo huhesabiwa na wengi kuwa la lazima. Neno kukinai, ambalo Kiarabu kililituma pwani likiwa na maana ya kuridhika na ulichonacho, kwa Kiswahili limebeba pia maana ya kushiba mpaka kuchoshwa. Mwenye paa lililojaa paneli aweza kufika maana ya pili bila kupitia ya kwanza.

Akiba ikishindwa kabisa, huwashwa jenereta, na hapo kiasi huacha kuwa jambo la mtu binafsi. Jangwani sauti husafiri mbali. Umeme wa mmoja ni usingizi wa kumi, ndiyo maana kambi huweka saa za utulivu. Adabu ya wazoefu ni kuwasha asubuhi, betri zikiwa chini na zenye kupokea kwa wingi, kisha kuzima na kuliachia jua kazi ya polepole ya kujaza sehemu ya mwisho, ambayo betri ya risasi huinywa kwa matone hata ikipewa jenereta kubwa namna gani.

Mwezi Aprili joto hupanda na matrela huondoka. Likifika nyumbani, trela huchomekwa kwenye soketi ya ampea 30, wati 3,600 kwa wakati mmoja, saa yoyote, bila mpaka unaoonekana. Kipimo cha shanti hupanda hadi asilimia 100 na kukaa hapo usiku na mchana, taa ya nje iwe imewashwa au imezimwa.